Spika ya Mamilioni na Sikio Linaloisikiliza

Turiani iko chini ya Milima ya Nguru, kaskazini ya mji wa Morogoro, mahali ambapo barabara itokayo Magole huingia katikati ya miwa, mpunga na mashamba ya mitiki. Penye mitiki hapakosi mashine za kupasulia mbao, na penye mbao hapakosi seremala. Seremala mmoja wa huko, mwenye umri wa miaka sitini na ushei, ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Mbali na milango na makabati, amewatengenezea majirani, kwaya na kumbi za starehe maboksi ya spika yasiyo na idadi. Akigonga ubao kwa kidole hujua kama umekauka sawasawa. Mtu wa namna hiyo akilalamikia sauti ya spika, watu humwamini.

Lalamiko lake lilikuwa kwamba spika zake mwenyewe, alizozitengeneza kwa mkono wake na kuzisikiliza kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, zilikuwa zimekufa sauti. Nyimbo za Morogoro Jazz na za Mbaraka Mwinshehe, ambazo alizijua kwa moyo, zilitoka kana kwamba zimefunikwa blanketi. Besi ilisikika na ngoma ilisikika, lakini matoazi yalikuwa yamepotea, na maneno ya mwimbaji yalimfikia nusunusu. Akabadilisha sponji za ukingoni mwa koni, ambazo kwa joto na unyevu wa sehemu zile huoza upesi. Akabadilisha nyaya. Akaongeza sauti, na hapo shida ikageuka sura: ilipopanda kidogo tu juu ya kiwango chake cha kawaida, ilimchoma masikioni.

Alipokwenda Dar es Salaam kumtembelea mwanawe, aliingizwa katika duka lenye kiyoyozi na mazulia, akaketishwa mbele ya spika mbili ndefu zilizotoka Ulaya. Bei yake ilikuwa shilingi milioni 9. Alirudi Turiani akiwa ameshakata shauri kwamba atauza nusu ekari ya shamba la mpunga. Mkewe alikataa kata kata. "Mzee wangu, spika hailiwi," alisema, akaondoka kwenda jikoni. Binti yao, ambaye ni muuguzi, hakugusia habari ya shamba. Alimwuliza jambo jingine kabisa.

"Baba, wale ndege wanaolia alfajiri kwenye mwembe, bado unawasikia?"

Fundi alifikiri kidogo. "Ndege wale walihama, mwanangu. Tangu mwaka juzi."

Fedha hununua nini

Swali la fundi lilikuwa la haki, na halijibiwi kwa kumcheka. Ndani ya spika mna koili ya waya iliyoning'inizwa kwenye uwazi wa sumaku na kushikamanishwa na koni ya karatasi au plastiki. Mkondo wa umeme upitapo, koili huenda mbele na nyuma, nayo koni huisukuma hewa. Kanuni hiyo haijabadilika kimsingi tangu miaka ya 1920. Kinachogharimu fedha ni uaminifu wa kazi hiyo: koni isiyojipinda inaposukuma, boksi lisilotetemeka pamoja na koni, na ugawaji mzuri wa sauti nzito na nyembamba kati ya koni kubwa na ndogo. Spika duni hushindwa katika mambo yote hayo, na mtu yeyote mwenye masikio mazima huitambua mara moja. Wasemao kwamba spika zote ni sawa wamekosea, kama walivyokosea wanaodhani kwamba ubora hupanda pamoja na bei bila kikomo.

Mtu aliyelichunguza jambo hili kwa subira kuliko wengi ni Floyd Toole, aliyefanya kazi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada. Katika miaka ya 1980 aliwaketisha wasikilizaji mbele ya pazia linalopitisha sauti lakini lisiloonyesha kilicho nyuma yake. Spika zilisawazishwa zitoe ukubwa uleule wa sauti, kisha zikapigwa kwa zamu. Ilionekana kwamba watu wakizuiwa kuona, hukubaliana kwa kiasi cha kushangaza. Wengi hupenda spika isiyoongeza wala kupunguza kitu katika muziki iliopewa. Mwaka 2004 mtafiti mwenzake, Sean Olive, alichukua spika 70 na kuonyesha kwamba vipimo vya maabara peke yake vinaweza kutabiri kwa usahihi mkubwa alama ambazo wasikilizaji watazitoa. Sauti nzito ilichangia takribani asilimia 30 ya alama hizo. Bei haikuwamo katika hesabu, wala haikuhitajika.

Pazia likiondolewa mambo hubadilika. Mwaka 1994 watafiti hao wawili waliwapa watu 40 spika nne wazisikilize kwa namna mbili, bila kuziona na kwa kuziona. Zilipoonekana, spika kubwa na za kupendeza zilipandishwa alama, na mfumo mdogo wa bei nafuu, uliokuwa umefanya vizuri nyuma ya pazia, ukashushwa. Wasikilizaji hao hawakuwa watu wa kuokotwa barabarani. Walikuwa wafanyakazi wa kampuni inayotengeneza spika.

Wauguzi na madaktari hawatashangaa, kwa kuwa jambo hilohilo hutokea wodini. Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani waliwapa watu 82 kidonge kisicho na dawa yoyote, wakawaambia kuwa ni kituliza maumivu kipya. Nusu yao waliambiwa kidonge kimoja kinauzwa dola 2.50, na nusu nyingine kwamba bei imeshushwa hadi senti 10. Katika kundi la kwanza asilimia 85 walisema maumivu yalipungua, na katika kundi la pili asilimia 61. Mwaka huohuo watafiti wengine walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa wakionja mvinyo, na wakakuta kwamba mvinyo uleule, ukitajwa kuwa wa bei kubwa, huamsha zaidi sehemu ya ubongo inayohusika na hisia ya kuridhika. Kwa hiyo aliyetoa mamilioni na kusema anasikia vizuri zaidi hasemi uongo. Anaridhika kweli, isipokuwa sehemu ya ridhaa hiyo haitoki kwenye koni.

Wauzaji wanazijua tabia hizi. Spika yenye sauti kubwa kidogo kuliko mwenzake, hata kwa desibeli 1 tu, huonekana kuwa bora, na asiyejua kwamba imepandishwa atasema ina uhai. Halafu kuna wati. Ili sauti isikike kuwa kubwa mara mbili, nguvu ya umeme inatakiwa iongezwe takribani mara kumi, na kutoka wati 50 hadi 100 tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ama hizo sabufa za mnadani zilizobandikwa maandishi ya wati 10,000, inatosha kukumbuka kwamba soketi ya kawaida ya nyumbani ni ya ampea 13, ambayo kwa umeme wa volti 230 haiwezi kutoa zaidi ya wati 3,000 au pungufu kidogo ya hapo. Zilizobaki ni za kwenye karatasi.

Khanga ya binti

Binti yule hakuwa na maabara, bali alikuwa na khanga. Jumapili moja alasiri aliitundika kwenye kamba sebuleni, na nyuma yake akaweka spika za babaye pamoja na jozi ya spika za kigeni alizoziazima kwa jirani, za bei ya kati. Kwa programu ya simu inayopima sauti alizisawazisha. Wasikilizaji walikuwa wajukuu watatu, mwalimu wa kwaya na fundi mwenyewe. Kila mmoja alipewa karatasi, akakatazwa kumtazama mwenzake.

Mwalimu wa kwaya alizichagua spika za jirani mara zote nne, akaeleza sababu: sauti za wanawake zilikuwa safi zaidi. Wajukuu walitofautiana. Lakini hapana hata mmoja aliyesema kwamba spika za babu zimekufa. Mjukuu wa miaka 12 aliyaiga matoazi kwa mdomo, ts-ts-ts, akionyesha yanapoingia. Babu yake alimtazama mtoto, akatazama khanga. Karatasi yake mwenyewe ilikuwa na majibu mawili ya upande huu na mawili ya upande ule, kama mtu aliyerusha sarafu.

Watafiti wa Kanada walikwisha kukutana na hali hiyo. Wasikilizaji wao waliokuwa na upungufu wa kusikia walitofautiana na wenzao, na hata na majibu yao wenyewe ya awali. Masikio yao hayakuwawezesha tena kutofautisha, na waliyachagua majibu yao bila wao kujijua kwamba wanakisia.

Sikio

Fundi alikubali kupimwa baada ya wiki tatu za kusukumana. Hospitali iliyompokea ilianza na jambo jepesi ambalo wengi hulisahau. Tundu la sikio lilimulikwa, na la kushoto likakutwa limezibwa na nta iliyokauka pamoja na vumbi la mbao. Nta ilitolewa, na upande huo ukafunguka kiasi. Inafaa kusemwa hapa kwamba wapo watu wengi ambao tiba yao yote ingeishia hapo, bila kifaa wala gharama kubwa, mradi nta itolewe na mtaalamu, si kwa njiti ya kiberiti wala pamba ya kijiti, ambazo huisukuma ndani zaidi na zinaweza kutoboa ngoma ya sikio.

Kisha akaingizwa chumba kisicho na kelele, akavishwa spika za masikioni, akaambiwa abonyeze kitufe kila asikiapo mlio, hata ukiwa hafifu. Masafa ya mlio, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, hupimwa kwa hezi. Kijana mwenye afya husikia kuanzia takribani hezi 20 hadi 20,000, na kadiri umri unavyosonga, upande wa juu hupungua kwanza. Katika chati ya fundi, sauti nzito zilikuwa karibu na kawaida. Kuanzia hezi 2,000 mstari uliteremka, ukafika shimoni kwenye hezi 4,000, ambako alihitaji mlio wa desibeli 60 ndipo ausikie, ukainuka kidogo kwenye hezi 8,000. Umbo hilo, shimo kwenye 4,000 katika masikio yote mawili, ni alama ya kelele.

Ndani ya koklea, kile kiungo kilichojiviringa mfano wa konokono, mna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo, ambazo huigeuza mitetemo kuwa ishara za neva. Kelele kubwa huzichosha, na ikirudiwa huziua. Kwa binadamu seli hizi hazioti tena. Kiwango kinachotumika sana kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unaokubalika hupungua kwa nusu. Mashine ya kupasulia mbao hufikia desibeli 100 kwa urahisi. Hesabu ikifuatwa, muda wa salama hapo ni dakika 15 kwa siku. Fundi alikuwa amesimama mbele yake kwa miaka 35 bila kinga, na kama wafanyavyo mafundi wengi, mlio uliobaki masikioni jioni aliuita uchovu.

Chati hiyo ilieleza kila alichokuwa akikilalamikia. Matoazi na milio ya s, sh na f huishi katika masafa ya juu, na nguvu yake ni ndogo. Asiyeyapata masafa hayo husikia fika, shika na sika kama neno moja, na hulazimika kubahatisha kwa maana ya sentensi. Ndiyo maana mazungumzo ya ana kwa ana yalikuwa yakimwendea vizuri, na wimbo, ambao hauna mdomo wa kutazamwa, ukamponyoka. Kuchomwa na sauti iliyopandishwa nako kuna sababu yake. Baadhi ya seli zilizokufa ni zile zinazokuza sauti hafifu na kuweka mizani kati ya ndogo na kubwa. Zikitoweka, sauti ndogo haisikiki kabisa na sauti kubwa huvuka upesi hadi kwenye maudhi. Njia nyembamba iliyobaki katikati haipanuliwi na spika yoyote duniani, iwe ya laki mbili au ya milioni 9.

Tena spika nzuri ina hatari yake. Sikio hutumia mkwaruzo kama onyo kwamba sauti imezidi. Spika safi haikwaruzi hata ikipigwa kwa nguvu nyingi, na msikilizaji hujikuta ameongeza bila kujua. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wamo hatarini kupoteza usikivu kwa namna wanavyosikiliza muziki, na mwaka 2022 likatoa mwongozo kwamba katika kumbi za burudani wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Katika ukumbi ambamo mtu analazimika kumpigia kelele jirani yake sikioni, kiwango hicho huenda kimekwisha kupitwa, na hakuna anayepima.

Chumba na kanda

Hata kwa mwenye masikio mazima, vitu viwili zaidi vinapaswa kutazamwa kabla ya kufungua mkoba. Kimoja ni chumba. Sakafu ya saruji, kuta tupu na bati lisilo na dari hurudisha sauti kama mpira, na maneno hugongana. Chumba chenye urefu wa mita 4 pia kina mngurumo wake wa asili kwenye takribani hezi 43, karibu na noti ya chini kabisa ya gitaa la besi, na huivimbisha noti hiyo hata spika ikiwa ya ufalme. Mkeka, pazia zito, kochi na kabati lililojaa vitu, pamoja na kuisogeza spika mbali na kona, hufanya kazi ambayo mamilioni hayaifanyi. Mvua ya Nguru ikianza kupiga bati, mjadala wote huahirishwa.

Kingine ni muziki wenyewe. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, na nyimbo nyingi za enzi yake zilirekodiwa kwa mkondo mmoja wa sauti na vipaza sauti vichache. Nakala alizonazo fundi zimetoka kwenye kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, kisha zikabanwa ziingie kwenye flashi. Spika aminifu itazitoa kama zilivyo, pamoja na mvumo wake wa kaseti. Kilichopotea njiani haitakirudisha.

Spika ya ukubwa wa punje

Kilichopendekezwa kwa fundi kilikuwa nacho ni spika. Ndani ya shimesikio, kifaa kinachovaliwa sikioni kusaidia kusikia, mna spika yenye ukubwa unaokaribia punje ya mpunga. Tofauti ni kwamba hii hufuata chati ya mvaaji: huacha sauti nzito zipite, hukuza zilizodidimia, na huzibana zile kubwa zisivuke mpaka wa maudhi. Haizifufui seli. Inachoweza kufanya ni kuisukuma sauti iingie katika ile njia nyembamba iliyobaki.

Na hapo swali la bei likarudi, kwa kuwa shimesikio nazo zina madaraja, na za juu hugharimu mara kadhaa ya zile za msingi. Robyn Cox na wenzake wa Chuo Kikuu cha Memphis walichapisha mwaka 2014 utafiti wa wazee 25 waliovaa vifaa vya daraja la juu na vya msingi kwa zamu, bila kuambiwa kipi ni kipi. Vyote viliwasaidia, na tofauti yenye uzito kati ya vya ghali na vya nafuu haikuonekana. Watu 25 ni wachache, na mwenye kazi ya mikutano mikubwa huenda akawa na haja tofauti. Hata hivyo kwa mzee wa Turiani, kifaa cha msingi kilichorekebishwa vizuri kwa chati yake kina thamani kuliko cha ghali kilichotiwa sikioni bila kupimwa. Fedha ya ziada ifaayo kulipwa ni ya kurudi kliniki, maana marekebisho ya mara ya kwanza mara chache hutosha.

Muziki nao unahitaji agizo lake. Vifaa hivi vimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, na uwezo wake wa kupunguza kelele huweza kuyadhania matoazi kuwa kelele na kuyazima. Mgonjwa apendaye muziki na aseme hivyo waziwazi, ili awekewe mpangilio wa pili ambao uwezo huo umefungwa.

Fundi alivaa jozi ya daraja la msingi. Siku za kwanza aliichukia: karatasi zilipasuka, maji ya bombani yalinguruma, na randa ilikuwa na mlio ambao hakujua kwamba inao. Ubongo uliokaa kimya kwa miaka huchukua wiki kadhaa kuyapanga upya mambo hayo. Spika zake zipo palepale, ila mkeka umeongezwa ukutani. Vijana watatu anaowafundisha kazi wamenunuliwa vizibo vya masikio vya kuvaa wapasuapo mbao, ambavyo kwa pamoja viligharimu pungufu ya kopo moja la vanishi, naye huvua shimesikio na kuvaa vyake kabla ya kuwasha mashine. Shamba bado limelimwa. Kuhusu ndege wa mwembe, alimwambia binti yake kwamba wana makelele kuliko alivyowakumbuka.

Kliniki imempangia kurudi baada ya wiki nne ili mpangilio wa muziki urekebishwe. Ameuliza kama anaruhusiwa kwenda na flashi yake.